Komeo Halishiki

"Tambi bakuli moja. Bila kitunguu."

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Galaxy ya Tak Miryeong saa mbili na dakika kumi asubuhi, kijiko cha supu kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

Alikirudisha kijiko bakulini.

Bakuli moja: mtuhumiwa mmoja. Bila kitunguu: kamata kimya kimya, asilie mtu. Wakubwa wa Idara ya Ujasusi waliona mafumbo yao ni werevu mkubwa. Miryeong, baada ya miaka kumi kazini, aliona ni michezo ya watoto wenye pensheni.

Aliiacha supu ya machipukizi ya maharage ikifuka mvuke, akaingia kwenye Sonata yake nyeusi, akafunga milango. Bastola ya K5 ubavuni, pingu mfukoni. Akapiga simu.

"Nani?" aliuliza.

"Ok Jinhwa," alijibu Mkuu Gil kutoka Seoul. "Mtafiti. Miaka thelathini na mmoja. Taasisi ya Hwabong, hapo hapo Daejeon."

Miryeong aliondoa mkono kwenye usukani.

"Unamjua," alisema Gil.

"Alikuwa mdogo wangu chuoni, mkuu, madarasa kadhaa nyuma yangu. Maabara moja."

"Najua. Ndiyo maana nimekutuma wewe. Ukimlinda, nitajua na wewe uko upande gani."

Hivyo ndivyo Idara inavyokutakia asubuhi njema.

Gil alieleza kwa haraka. Hwabong walikuwa na protini moja waliyoipa jina la Komeo. Kuna kimelea kinachoozesha vidonda vya wagonjwa hospitalini, na ndani ya DNA yake kuna swichi inayowasha sumu. Komeo hung'ang'ania swichi hiyo na sumu huzimika. Aliyenalo anaweza kutengeneza dawa. Anaweza pia kutengeneza kimelea ambacho Komeo halikishiki, kisha akauza ugonjwa leo na dawa kesho. Miryeong hakuhitaji kuambiwa wanunuzi wa magendo huchagua lipi.

"Kulikuwa na vichupa viwili," alisema Gil. "Kimoja kwenye friza ya kazi, kingine kwenye sefu. Jana jioni Daktari Pyo, mtafiti mkongwe wa hapo, alikipima cha friza. Hakishiki DNA. Amerudia mara tatu. Mtu ameiba Komeo na kuweka maji matupu, na ufunguo wa friza anao Ok Jinhwa."

"Na cha sefu?"

"Pyo anakileta Seoul kwa usalama, kwa treni ya saa tano na dakika arobaini, na ofisa wetu mmoja. Huyo msichana nataka awe ndani ya gari kabla ya saa sita."

Simu ikakatika.

Miryeong aliwasha gari. Kabla ya Idara alikuwa ametumikia maabara kwa miaka sita, na jambo moja lilimkwaruza kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Mwizi mwenye akili huiba, kisha huomba Mungu wizi usigundulike. Kwa nini huyu aligunduliwa siku moja tu kabla sefu haijafunguliwa?

*

Jinhwa alikuwa amewekwa kwenye chumba cha mikutano, mlinzi mlangoni. Macho mekundu, nywele zimebanwa kwa penseli. Alipomwona Miryeong alisimama na kuinama.

"Dada Miryeong! Afadhali wewe. Dada, mimi sijachukua kitu."

"Keti. Leo mimi ni ofisa."

Aliketi taratibu.

Miryeong alimtazama na kujilazimisha asimwonee huruma. Alimpenda binti huyu tangu akiwa mwaka wa tatu, na hilo lilimtia hofu kuliko kitu kingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo uipendayo ndiyo usiyoichunguza.

"Kipimo cha jana alifanya nani?"

"Kaka Pyo."

"Mara zote tatu?"

"Zote."

"Maji ya kuchanganyia alitumia yapi?"

Jinhwa alishangaa. "Yale ya chupa ya maabara. Sote tunatumia hayo."

"Aliyatengeneza nani?"

"Mimi, dada. Mimi ndiye mdogo wa maabara. Natengeneza maji, naosha vyombo, naagiza chakula cha mchana, nachoma nyama kwenye karamu za Profesa. Mwaka wa nne sasa, hawajaajiri mwingine."

"Kwa hiyo chupa ina mwandiko wako."

"Ndiyo."

"Na ufunguo ni wako."

"Ndiyo," alisema Jinhwa. "Naona kabisa inavyoonekana."

Miryeong alitoka bila kumfariji. Kama alikuwa mwizi, alikuwa mwigizaji hodari. Waigizaji hodari alikwisha kuwafunga pingu wengi.

Profesa Cheon, mkuu wa maabara, alimsubiri kwenye korido akiwa na ndara za maabara na hasira. Mzee wa miaka sitini na mitatu, tai imenyooka kama rula.

"Nilimwamini kama mwanangu," alisema. "Nilimwamini! Mchukue, nisimwone."

"Kwanza nataka kurudia kipimo, Profesa."

"Kurudia?" Mzee alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba ametukanwa. "Pyo amekaa na mimi miaka kumi na tano. Jibu la Pyo ni jibu. Niende nikakague kazi yake mbele ya wadogo zake? Nimvue nguo?"

Hapo ndipo Miryeong alipoelewa nyumba ile inaendeshwa vipi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, basi. Kila mtu pale alikuwa akilinda guu lake.

"Ninayo hati ya upekuzi, Profesa. Nipe chumba cha baridi na saa mbili."

"Huko uliko wanakufundisha adabu kweli?"

"Hapana, Profesa. Wananifundisha kurudia."

Saa tatu kasoro dakika kumi.

Boksi la kichupa cha sefu lingetoka saa tano kasoro dakika kumi.

*

Chumba cha baridi. Nyuzi nne. Pumzi ilitoka mdomoni kama moshi.

Miryeong alivaa glavu na kufanya kila kitu kwa mikono yake. Alivunja muhuri wa makopo mapya ya chumvi na kutengeneza maji mapya ya kuchanganyia. Chupa ya Jinhwa aliiweka kando, akachota kidogo kwa ajili ya kulinganisha. Vidole vilikumbuka kazi kabla ya kichwa.

Kipimo chenyewe ni rahisi, ukiwa mtu wa subira. Unachukua kipande cha DNA kilichopakwa rangi inayong'aa, unakitumbukiza kwenye kishimo juu ya jeli, unawasha umeme. DNA ikiwa peke yake hukimbia hadi chini. Ikiwa imeng'ang'aniwa na protini, hukokota miguu na kubaki juu, kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mchele mgongoni.

Kishimo cha kwanza: DNA tupu.

Cha pili: DNA na protini ya kichupa cha friza, ndani ya maji ya chupa ya Jinhwa.

Cha tatu: DNA ile ile na protini ile ile, ndani ya maji mapya.

Cha nne aliweka rangi ya bluu peke yake, ya kuonyesha mwendo. Akawasha umeme.

"Umesahau kutia bluu kwenye sampuli zako, ofisa."

Alikuwa Daktari Pyo Dongsik, mlangoni, vikombe viwili vya kahawa ya pakiti mikononi. Miaka arobaini na minne, koti jeupe lililopigwa pasi, tabasamu la mtu anayependwa na mama wakwe.

"Bluu inaweza kuisumbua protini isishike," alijibu Miryeong. "Unaijua hiyo, Daktari."

"Naijua. Nilitaka kujua kama wewe unaijua." Alicheka, akampa kikombe kwa mikono miwili. "Afadhali. Niliogopa wametuletea askari wa barabarani. Ulisoma wapi?"

"Mahali."

"Haya, siulizi. Inaniuma, unajua. Jinhwa ni mdogo wangu. Nimemfundisha hata kushika bomba la kupimia."

"Pole."

Pyo alitazama jeli kidogo tu. Kisha macho yake yakatua mezani, kwenye chupa. Yakakaa hapo.

"Chupa hii umemaliza nayo?" aliuliza kwa wepesi. "Nipe basi, nikuondolee. Nitaiosha."

Miryeong aliishika kahawa bila kuinywa.

"Haya," alisema. "Asante."

Pyo aliondoka na chupa.

Mlango ulipofungwa, Miryeong alibaki amesimama kama mti, na baridi aliyoisikia haikuwa ya chumba. Alikuwa ameishi kwenye maabara za nchi hii miaka sita. Alikuwa ameona wakubwa wakilia, wakilewa, wakirusha viti. Hakuwahi kumwona mkubwa mwenye miaka kumi na tano kazini akiosha chupa huku kuna wadogo wengine wa kuiosha hatua ishirini mbele.

Lakini kuosha chupa si ushahidi. Mahakamani wangemcheka. Labda Pyo alikuwa na roho nzuri. Labda Jinhwa na Pyo walikuwa kitu kimoja, na chupa ni yao wote wawili.

Aliifunika na kuiweka kwenye barafu sampuli aliyokuwa ameichota. Akasubiri.

Saa nne na nusu, bluu ilikuwa katikati ya jeli.

Saa tano kasoro dakika kumi alisikia lango la Taasisi likifunguka. Kutoka dirisha la korido aliliona gari likitoka: Pyo nyuma, boksi la chuma mapajani, Ofisa Ma wa Idara kwenye usukani. Angeweza kuwasimamisha, lakini kwa hoja gani?

Umeme ukaendelea kuvuta.

Saa tano na dakika nne aliingiza jeli kwenye mashine ya picha.

Kishimo cha kwanza: mstari chini. Sawa.

Cha pili: mstari chini. Komeo halishiki, kama alivyosema Pyo.

Cha tatu: mstari juu. Mnene, angavu, umening'inia pale juu kama mtu aliyeshikwa ukosi.

Komeo lilikuwa limeshika!

Protini ile ile. Kichupa kile kile. Kilichobadilika ni maji tu.

Alipiga simu. "Mkuu, hakijaibiwa kitu."

"Unasema nini?"

"Kichupa cha friza ni halali. Mtu alitia kwenye chupa ya maji vipande vya DNA visivyopakwa rangi, kwa wingi. Komeo limevishika hivyo, mikono imejaa, na hatuvioni. DNA yenye rangi ikakosa mshikaji, ikakimbia chini. Wote wakaamini Komeo ni bandia."

"Alirudia mara tatu!"

"Kwa chupa ile ile, mkuu. Na hakuna aliyemkagua, kwa sababu yeye ni mkubwa. Walitaka sefu ifunguliwe. Wizi ndio unaanza sasa. Mpigie Ofisa Ma, amshike Pyo."

Gil alitukana chini kwa chini.

"Mkuu?"

"Simu ya Ma imezimwa. Wasindikizaji wote huzima simu."

"Amri ya nani hiyo?"

"Yangu," alisema Gil. "Polisi wa stesheni nitawapigia mimi. Kimbia."

*

Jinhwa aliambiwa kichupa cha friza kimeshika, akatolewa kwenye kiti kabla hajauliza. Miryeong akamtia pingu.

"Dada, si umesema kimeshika?"

"Kimeshika. Hilo linasema hakuna kilichoibwa. Halisemi wewe si mwenzake Pyo. Ingia garini."

Sonata iliruka matuta ya lango. Taa nyekundu ya kwanza, Miryeong hakuiona. Ya pili aliiona na kuidharau.

"Nani aliagiza DNA isiyo na rangi?" aliuliza.

Jinhwa alishika mkanda kwa mikono iliyofungwa. "Kaka Pyo. Wiki mbili zilizopita. Mara arobaini ya kawaida yetu. Karatasi niliijaza mimi."

"Na jana ulinyamaza?"

"Nilianza kusema! Profesa akaniambia mdogo hamtaji mkubwa wake." Machozi yalimtoka, ya hasira. "Ningesema kwa nani, dada? Kwa mlinzi?"

Miryeong alikanyaga mafuta. Ilikuwa habari nzuri mno, na imefika kwa wakati mzuri mno. Aliihifadhi kichwani pamoja na mashaka mengine.

Saa tano na dakika thelathini na tano. Stesheni ya Daejeon.

Walipanda ngazi mbili mbili. Kwenye jukwaa la Seoul treni ilikuwa imeshafika. Behewa la tatu. Ofisa Ma alikuwa amekaa, mgongo wima. Kando yake Pyo, boksi mapajani, miguu imekunjwa nne.

"Ofisa!" Pyo alisema kwa furaha. "Unatusindikiza?"

"Fungua."

Alifungua bila ubishi. Barafu kavu, mvuke, kichupa kimoja chenye kifuniko chekundu.

Miryeong alikitazama. Kingekuwa Komeo, kingekuwa maji ya bomba. Jicho la binadamu haliwezi kutofautisha. Jeli ndiyo ingejua, na jeli ilitaka saa mbili.

Alikuwa na dakika nne.

"Ma. Amekuwa peke yake wakati wowote?"

Kijana wa Idara akasimama wima. "Msalani, mkuu. Hapa stesheni. Dakika tatu."

"Na boksi?"

"Aliingia nalo."

"Ukamwacha?"

"Ni mkubwa kwangu, mkuu. Ni daktari. Ningemwambiaje mtu mzima aniachie mzigo wake mlangoni?"

Pyo alikuwa bado anatabasamu. Lakini jicho lake moja, kwa nukta moja tu, lilikwenda dirishani. Ng'ambo. Jukwaa la Busan, la treni za kwenda kusini.

"Mtie pingu," alisema Miryeong, tayari akikimbia. "Huyo usimheshimu!"

Juu ya daraja, chini tena. Jinhwa nyuma yake, pingu zikilia.

Jukwaa la Busan lilikuwa limejaa, na moyo wa Miryeong ukashuka. Kila abiria wa Daejeon huondoka na mkate. Mifuko ya karatasi ya duka lile lile maarufu, mkononi mwa bibi, mwa mwanajeshi, mwa mkuu wa kampuni. Mifuko sitini, inayofanana kama mapacha. Mahali bora pa kuficha kichupa duniani.

Treni ilipiga honi kwa mbali.

"Dada," alihema Jinhwa. "Tunatafuta nini?"

"Baridi," alisema Miryeong.

Mkate wa moto huacha mafuta kwenye karatasi. Haulowi jasho.

Alitazama vitako vya mifuko. Kavu. Mafuta. Kavu. Mafuta. Kavu.

Maji.

Suti ya kijivu, miwani isiyo na fremu, mgeni wa makamo aliyesimama kwa adabu nyuma ya mstari wa njano. Mfuko wake ulikuwa umelowa chini hadi karatasi imegeuka rangi, na tone moja likaanguka kwenye kiatu chake cha gharama.

"Samahani, bwana," alisema Miryeong. "Mkate wako unavuja."

Mgeni hakuuliza mkate gani. Hilo lilitosha.

Mkono wake wa kulia ulitoka mfukoni na kalamu nene ya chuma. Kalamu ikatoa sindano. Miryeong alikwepa, sindano ikapita kwenye mkono wa koti lake, akamkamata kiwiko na kukizungusha upande usiotakiwa. Mfupa ulilia. Bibi mmoja naye akalia.

K5 ilibaki ubavuni. Kwenye umati ule, risasi ingekuwa ujinga.

Mgeni alifanya jambo la mwisho alilobaki nalo. Alirusha mfuko juu ya reli.

Treni ilikuwa inaingia.

Jinhwa aliruka. Hakuwa na mikono ya kuwania, alikuwa na pingu. Aliupokea mfuko kwa viganja viwili vilivyobanana, kama mtu anayepokea kikombe kutoka kwa mkubwa, na mwili wake wote ukaning'inia nje ya ukingo. Miryeong alimwachia mgeni, akamdaka binti kwa mkanda wa suruali na kumvuta. Walianguka chali. Treni ikapita hatua moja kutoka visigino vyao, ndefu, nyeupe, ikipuliza upepo usoni.

Mgeni alikimbia hatua kumi hivi. Polisi wanne wa stesheni walikuwa wakishuka ngazi.

Jinhwa alikuwa bado amekumbatia mfuko. Ndani, chini ya mikate mitatu ya maharage, kulikuwa na chupa ya chai ya chuma iliyojaa barafu kavu, na ndani yake kichupa chenye kifuniko chekundu.

"Tutakipima," alisema Miryeong.

"Kwa maji mapya," alisema Jinhwa.

*

Saa sita kamili simu iliita.

"Pyo amekiri," alisema Mkuu Gil. "Anasema alipitwa uprofesa mara mbili, wanunuzi wa magendo wakampata. Na msichana?"

"Hana kosa."

"Una uhakika?"

"Nina picha ya jeli, mkuu." Alikata yeye safari hii.

Jinhwa alikuwa ameketi kwenye benchi la jukwaa. Miryeong alipiga goti mbele yake, akafungua pingu. Zilikuwa zimechora duara mbili nyekundu. Aliona aibu, aibu ya kweli ya kuchoma, na hakujua aiweke wapi.

"Dada," alisema Jinhwa. "Uliniamini saa ngapi? Ulipoiona jeli? Au kule garini?"

Ingekuwa rahisi kudanganya. Kazi yake ilikuwa kudanganya.

"Sijakuamini," alisema Miryeong. "Hata dakika moja. Nilirudia tu."

Jinhwa alisugua vifundo vya mikono yake. Treni nyingine ikaja na kuondoka.

"Vizuri," alisema hatimaye. "Walioniamini hawakurudia."

Miryeong aliinama mbele ya mdogo wake, kiuno kizima, mpaka abiria wakageuka kutazama. Kisha akanyoosha koti lake lililotoboka, akatia pingu mfukoni, na kupanda ngazi bila kugeuka nyuma.